Maji Niliyokataa Kumwaga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika kwa sauti ndogo, labda kwa sababu mmeshaiona sura yangu. Mama Mchungaji aliniuliza pale mlangoni kama naumwa. Siumwi. Nina hasira. Tangu Jumapili iliyopita nimemwomba Bwana aniondolee hasira hii kabla sijasimama mbele yenu, naye hakuiondoa, kwa hiyo nimeelewa kwamba anataka niseme nikiwa nayo. Bwana asifiwe tena!

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Fadhili wa hapahapa Mnyambe, mkulima wa korosho na muhogo. Mume wangu ni yule mzee aliyekaa karibu na dirisha, anayetazama chini. Inua uso, Baba Fadhili. Leo sitakusema wewe peke yako.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, alisimamishwa hapa mgeni mwenye viatu vinavyong'aa. Akasema anatafuta mume na mke wenye tabia njema, wenyeji hasa wa huku kwetu, wakakae pwani kwenye hoteli ya watalii. Chakula juu yao, malazi juu yao, kazi yenyewe ni kupokea wageni tu. Tukampigia makofi. Mzee wetu wa kanisa akasema huo ni mlango ambao Bwana ameufungua. Nikamwona Agnes anamgusa mumewe Pius begani, na Pius anaitikia kwa kichwa, vijana hawa tuliowafungisha ndoa juzijuzi tu. Ndugu zangu! Mlango ule naujua. Niliingia, nikakaa humo zaidi ya nilivyoahidiwa, na ni Bwana mwenyewe aliyenitoa. Kesho mgeni yule anarudi kuchukua jibu. Kwa hiyo leo mtanisikiliza, hata kama wali wa mchana utapoa.

Mnaikumbuka miaka ile ya ruksa ilipoanza, kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Ushirika wetu ulikuwa umelala usingizi, wanunuzi binafsi wanapita vijijini na mizani zao, kila mmoja na bei yake na maneno yake matamu. Salfa ya kupuliza kwenye mikorosho, ambayo zamani ushirika uliileta, ikawa bidhaa ya dukani, na kwa bei ile tuliishia kuitazama tu. Mikorosho yetu ikashikwa na ubwiri unga. Maua yakawa meupe kama yamepakwa majivu, yakapukutika. Msimu ule tuliokota korosho za aibu. Miezi ya njaa ilipoingia, muhogo ghalani ulikuwa umebaki wa kuokotea pembeni.

Ndipo akaja dalali, siyo huyu wa juzi, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Akakaa kwenye mkeka wetu, akanywa maji yetu, akasema kuna hoteli mpya pwani inataka watu wazima wenye heshima. Akasema, mtawapokea wageni kama mnavyowapokea kwenu. Baba Fadhili akauliza ni kwa muda gani. Akajibiwa, mpaka masika yaishe. Tukaona ni jambo zuri, maana masika yakiisha ndipo kazi ya mikorosho inapoanza, kufyeka chini yake na kupuliza dawa kama Mungu akikujalia dawa. Binti yetu Fadhili alikuwa ameolewa jirani tu. Tukamwachia nyumba, kuku, na ufunguo wa kisima chetu cha maji ya mvua.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya walimu wetu na ndugu wengine mliotoka mikoa yenye mito. Ninyi mnajua sasa, lakini siku mlipofika hamkujua. Mwalimu Mkuu alipohamia hapa alinawa miguu kwa maji ya kunywa, tukamcheka wiki nzima, naye yuko hapa atakataa kama ni uongo. Huku juu hatuna mto. Mvua ikinyesha tunaikinga kutoka bati hadi kisimani. Kisima kikikauka, na mabomba ya mradi yakinyamaza kama kawaida yake, mwanamke anateremka bondeni na ndoo, anachota, halafu anaupanda mteremko wote ule na maji kichwani. Wageni hupelekwa Shimo la Mungu wakatazame jinsi bonde lilivyo zuri. Sisi tunalijua bonde kwa magoti. Ndiyo maana huku maji hayamwagwi. Ya kuoshea mchele wanapewa kuku. Ya kuoga unaoga ukiwa umesimama ndani ya beseni, yaliyobaki yanakwenda kwenye mpapai. Na mgeni akiingia kwako, kabla hujamuuliza habari za atokako, unampa maji kikombeni kwa mikono miwili, naye anayanywa yote hata kama hana kiu, kwa sababu anajua yalikotoka.

Hivyo ndivyo tunavyopokea wageni. Hicho ndicho nilichodhani nimeitiwa.

Tulishuka kwa basi kupitia Tandahimba hadi Mtwara, na kutoka Mtwara tukapanda pikapu hadi mji ule wa pwani. Jina la mji silitaji, wenye mji hawakutukosea kitu. Nilibeba na mtungi wangu wa udongo alionifinyangia mama yangu, kwa sababu dalali alisisitiza nije nao. Baba Fadhili alipoiona bahari alisema kwamba maji yote haya, na hakuna hata kikombe kimoja cha kunywa. Tulicheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka bila kukereka.

Nyuma ya hoteli walikuwa wamejenga kibanda cha udongo kati ya minazi, wamekiezeka makuti, wameweka kibao kinachosema ni kijiji cha Wamakonde. Makuti, ndugu zangu! Nani kati yenu hapa Mnyambe amekulia chini ya makuti? Nikamwambia Meneja kwamba kwetu tunaezeka kwa nyasi, na siku hizi bati. Akasema wageni hawajui. Meneja huyo alikuwa kijana wa rika la Fadhili wangu, msomi, suruali imenyooshwa, na kwa muda wote niliokaa pale hakuwahi kunipa shikamoo. Aliniita Bibi, kama mtu anavyomwita mbuzi wake. Siku za mwanzo nilimsalimia mimi, kwa sababu niliona haya tukutane asubuhi tukae kimya.

Tukavuliwa nguo zetu. Gauni langu la kanisani likafungiwa sandukuni, nikapewa shuka jeusi. Baba Fadhili, mkulima aliyebatizwa, aliyesoma hadi darasa la nne na anayejua kupima salfa kuliko mabwana shamba wengine, akavikwa ngozi ya mnyama ambaye sijawahi kumwona akitembea katika nchi hii, na manyoya kichwani, akashikishwa mkuki wa mti, wakamwita Chifu. Chifu wa nani? Chifu wa kibanda! Nanyi mnaona chale hizi za usoni kwangu, nilizochanjwa nikiwa msichana, kama wengi wa umri wangu mlivyochanjwa. Wageni walikuwa wakizisogelea. Mmoja alinipitishia kidole shavuni taratibu, kutoka chale hadi chale, huku akiongea na mwenzake juu ya kichwa changu. Nilisimama. Nilikuwa nimeambiwa nisimame.

Wa kwanza kuja alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, amechoka na jua. Nikafurahi, kwa maana kumpokea mtu aliyechoka najua. Nikachota maji mtungini, nikampa kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Akampa mwenzake kamera apige picha. Akatabasamu, akakishika kikombe kile kando ya uso wake. Picha ilipokwisha kupigwa, akayamwaga yale maji mchangani, akanirudishia kikombe na kunishukuru. Najua sasa kwamba aliogopa tumbo lake. Siku ile sikujua. Nilitazama mchanga ulivyoyanywa, nikahisi nimepigwa kofi mbele ya mume wangu.

Ngoja niwaambie la bwawa. Pale hotelini, na bahari ipo hapo mbele yao, walikuwa wamechimba bwawa la maji matamu la kuogelea. Asubuhi moja nikaona bomba nene linatapika maji hayo kwenye mchanga. Nikadhani mlinzi amesahau kufunga. Nikakimbia kumwita, akanijibu kwamba wanayamwaga ili waoshe bwawa, kisha wajaze mengine. Ndugu zangu, mtu wa huku kwetu Newala afanye nini? Nilileta ndoo. Nilileta sufuria, beseni, mtungi, hata sahani nilileta. Nikakinga maji yale kama kichaa, nikimwita Baba Fadhili aje anisaidie, naye akaja akakinga, tukayajaza chumbani hadi pa kulala pakakosekana. Yalikuwa na dawa, yalituwasha macho. Wafanyakazi walishika mbavu kwa kucheka. Nawasamehe hao, wao wamezaliwa na bomba mlangoni. Lakini Meneja alikuwa amesimama juu barazani, na yeye hakucheka. Alikwenda kuwaita wageni wenye kamera.

Kuanzia hapo nikapewa kazi mpya. Nyuma ya kibanda wakachimba shimo, wakalipanga mawe mdomoni, wakaingiza mpira wa maji kwa chini ili lionekane ni kisima. Ndoo za plastiki zikakatazwa. Wageni wakifika, nichukue mtungi, niende kwenye shimo lile, nichote, nijitwike, nitembee polepole hadi kibandani, nitue. Wakifika wengine, niyamwage yale nyuma ya kibanda, mahali wasipoona, nirudie. Nimwage na nirudie. Jioni wanafunga mpira na kulikausha shimo lisizae mbu, na asubuhi wanalijaza upya. Nimebeba maji tangu nikiwa mtoto wa kubebea kikopo. Nimebeba nikiwa na homa, nimebeba nikiwa na mimba. Sijawahi kubeba maji ambayo hakuna mtu anayeyangoja.

Msinielewe vibaya kuhusu fedha. Tulilipwa, tena kwa wakati. Hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu kila nilipofungua mdomo kulalamika, nilionekana sina shukrani.

Masika yakaisha. Nikamwendea Meneja kuaga. Akasema haiwezekani, wageni ndio kwanza wanaanza kuja kwa wingi, tusubiri kidogo. Wakati wa kufyeka chini ya mikorosho ukapita, akasema kuna kundi kubwa linakuja. Wakati wa salfa ukapita. Wakati wa mabibo ukafika, na nilipokuwa nimekaa kwenye mlango wa kibanda kile nilikuwa nasikia harufu ya mabibo puani, wakati hapakuwa na mkorosho karibu. Jumapili kengele ya kanisa la mji ilikuwa ikilia, tunaisikia, na hatukuruhusiwa kwenda, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya wageni. Nilimwimbia Bwana kwa ndani, na shuka lao jeusi mwilini.

Na Chifu wangu? Ah! Chifu alikuwa amenogewa. Mnamwona alivyo mpole sasa. Alianza kukaa kwenye kigoda hata wageni wakiwa hawapo. Alianza kunijibu kwa sauti ya chifu hata chumbani, nikimuuliza kama amekula ananitazama kwanza, kisha anajibu. Nikimwambia turudi, ananiambia nivumilie, kwani huko nyumbani kuna nini? Alisema hivyo, huyu aliyepanda mikorosho ile kwa mkono wake. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Meneja, nalisema hili kanisani mbele zake na mbele za Mungu. Kila usiku nililala karibu na mtu ambaye sikumjua, nikaogopa kwamba nikirudi nitarudi peke yangu, au sitarudi kabisa.

Pembeni ya geti la hoteli alikuwa anauza korosho za kubangua mama mmoja wa Tandahimba, Bi Somoe, Mwislamu mcha Mungu, ambaye nampenda mpaka leo. Alikuwa akipanda kwao kuchukua mzigo na kushuka tena. Siku moja nilipotoka kwenda kwake akanivuta kando. Kisha akanieleza. Visima huku juu vimekauka. Mashine ya maji ya mradi imekufa, na hakuna anayejua itafufuka lini. Alipita Mnyambe, akamkuta Fadhili wangu ni mjamzito, tena tumbo limeshuka, na ndoo mkononi.

"Binti yako anateremka bondeni na tumbo lile," akaniambia Bi Somoe, "na wewe uko hapa unacheza na maji."

Alikuwa ameniona kwa kupitia uzio wa makuti wa hoteli, siku nyingi, nikimwaga na kurudia. Alikuwa ameona haya kuniambia.

Ndugu zangu, sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja, nikamwambia binti yangu ana mimba na hana maji, naomba niende. Akasema kundi lililopo likiondoka, tutazungumza. Nikamwendea mume wangu. Aliposikia habari ya Fadhili alishtuka, akavua yale manyoya ya kichwani, nikadhani amerudi kwangu. Kisha akayavaa tena. Akasema tuvumilie siku chache tu, Mama Fadhili, tusiondoke vibaya. Nikaingia chumbani nikapiga magoti, na sikumwomba Mungu kwa maneno mazuri. Nilimwambia, Wewe ndiye uliyenipa nyumba isiyo na mto, nami sikukulaumu hata siku moja. Sasa sema unaniacha hapa mpaka lini. Nilimsemesha kama ninavyowasemesha ninyi leo. Kama ni dhambi, alikwisha kunijibu, kwa hiyo nadhani haikuwa dhambi.

Asubuhi yake wageni wakaja. Nikachota, nikajitwika, nikatembea. Nilikuwa nimefika mlangoni pa kibanda, maji yamejaa mpaka shingoni mwa mtungi, mara gari jingine likaingia getini limechelewa, watu wanashuka mbio na kamera zao. Meneja akanijia akitabasamu kwa ajili yao.

"Bibi, mwaga, urudie," akasema.

Nikasimama. Kwa macho ya moyo nilimwona Fadhili kwenye ule mteremko, mahali pale penye mawe ambapo sote tunapumzika, ameshika kiuno.

"Simwagi," nikamwambia.

Akadhani sijasikia. Akasogea, akaushika mtungi wa mama yangu ukiwa kichwani pangu, akaanza kuuinamisha. "Ni maji tu, Bibi," akasema.

Maji tu! Ndugu zangu, nikautoa mkono wake. Sikumpiga, ingawa Bwana anajua. Nikageuka na mtungi kichwani, nikapita mbele ya wageni, nikapita mbele ya Chifu aliyekaa kwenye kigoda chake, nikaelekea getini. Na wale wageni wakanifuata wakipiga picha na makofi, wakidhani ndiyo ngoma yenyewe! Mlinzi naye akadhani nimetumwa nje na Meneja, akanifungulia geti kwa heshima zote. Hivyo ndivyo Bwana alivyonitoa Misri yangu, kwa geti lililofunguliwa na mtu asiyejua anachokifanya. Bwana asifiwe!

Bi Somoe aliponiona alielewa bila kuambiwa. Akaacha biashara yake, akanifunga khanga yake juu ya lile shuka, akanisindikiza hadi stendi. Nauli ilikuwa imefungwa pindoni mwangu, maana tangu mwanzo sikukiamini chumba kile. Pikapu ya kwenda Mtwara ilikuwa inangoja ijae. Nikatua mtungi miguuni pangu, nikakaa. Gauni langu la kanisani lilibaki sandukuni kwao, na mpaka leo silitaki.

Nilipoinua macho nikaona watu wa stendi wanacheka, wanaonyesheana. Katikati ya barabara, juani, alikuwa anakuja Chifu, na ngozi yake mabegani na manyoya kichwani, ameshika ule mkuki wa mti usiochoma kitu. Kila mtu anacheka. Nikajiambia, anakuja kunirudisha, na nikaandaa maneno ambayo mke hamwambii mume hadharani. Akafika, akasimama mbele yangu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akautazama mtungi, akanitazama mimi.

"Mama Fadhili," akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, "naomba maji."

Bi Somoe akatafuta kikombe kwa mama ntilie wa jirani. Nikachota, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa. Akanywa yote, hakubakiza hata tone la kulowesha vumbi, akanirudishia kikombe. Kisha akavua manyoya, akavua ngozi, akavikunja vizuri kama alivyo nadhifu, akaviweka na mkuki kwenye benchi la stendi, akabaki na kaptura na fulana yake yenye matundu. Wale watu hawakucheka tena. Tukapanda gari.

Baadaye sana aliniambia kwamba kilichomwinua kwenye kigoda ni lile neno, maji tu. Alikuwa amevumilia kuitwa Chifu na amevumilia kuniona nikimwaga, lakini aliposikia neno lile alimkumbuka mama yake, ambaye shingo yake ilipinda kwa ndoo za bondeni mpaka akazikwa nayo ikiwa imepinda. Aliniambia hivyo tukiwa tunafyeka shamba, akiwa amenipa mgongo.

Tulifika hapa tukakuta magugu ya kiunoni chini ya mikorosho, na msimu umepita. Kisima kilikuwa na tope. Fadhili alitupokea mlangoni, tumbo kubwa, miguu imevimba, na cha kwanza alichofanya mtoto yule ni kuingia ndani na kututolea maji, kikombe kimoja tugawane. Nilikunywa huku nalia. Kesho yake alfajiri nikachukua ndoo yake, nikateremka mwenyewe. Mnaujua mteremko. Nilipokuwa napanda, mahali pale penye mawe, pumzi imekatika na maji yananichuruzikia usoni, nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kunipiga picha. Palikuwa na binti yangu nyumbani, ananingoja. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wenzangu wa njiani wakaniuliza kuna nini. Fadhili alijifungua salama, na yule msichana anayewaimbia katika kwaya ya watoto ndiye huyo.

Sasa nimalize. Mzee wetu wa kanisa, shikamoo. Nakuheshimu, watoto wa ndugu zangu walibatizwa wakiwa mikononi mwako. Lakini mlango ukifunguka, tuulize kwanza umefunguliwa na nani. Bwana hakuwahi kuniambia nimwage nirudie. Akinituma kubeba, kuna mtu ana kiu. Na kwako, mgeni wa viatu vinavyong'aa, popote ulipo leo: sikuogopi, na kesho utanikuta kwenye mlango wa kina Pius kabla yako.

Agnes, mwanangu. Pius. Najua ghala lenu lilivyo, nimepita nimeona. Najua salfa hamna. Siwaambii kwamba hapa hakuna njaa, ningekuwa mwongo mbele ya madhabahu. Nawaambia hapa hakuna atakayewaangalia mkiishi kama anavyoangalia mnyama porini. Mtegemeeni Bwana, na kwa kuwa Bwana hutumia mikono, mikono ndiyo hii. Msimu huu Baba Fadhili atagawana nanyi salfa yetu, ameniambia jana, na kama alikuwa hajaniambia, basi amenisikia sasa. Nanyi wengine mnaonitazama, mwenye muhogo asimame baada ya ibada tusemezane.

Mliniuliza mlangoni ule mtungi pale ni wa nini. Ni uleule. Maji yaliyomo nimeyapandisha leo alfajiri kutoka bondeni, kwa sababu mabomba yamenyamaza tena, na nimekataa kusaidiwa njia nzima. Yeyote aliyechoka kuigizishwa na kuzungushwa, aje mbele, kuna maji ya kutosha na Bwana yupo. Ila hawa vijana waanze. Baba Fadhili, ondoka hapo dirishani, chukua kikombe, uwape kwa mikono miwili.

Agnes, Pius, njooni mnywe. Mnywe yote.